Kijana amemaliza kozi ya magari, je yuko tayari kwa gereji? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Malindi

Salaam. Gereji yetu iko Malindi na kila mwaka tunapokea vijana wa atachimenti (wanafunzi wa chuo wanaokuja kujifunza kazini) na wengine waliomaliza wanatafuta kazi. Wazazi wanakuja na maswali, vijana wanatuma meseji usiku, walimu nao wanapiga simu, na maswali ni yaleyale. Nimeona niyaandike yote hapa mahali pamoja, nijibu vile ninavyojibu nikiwa nimekaa na mtu kwenye benchi pale nje.

Mwanangu amemaliza kozi, ana cheti kizuri, mbona haajiriwi?

Mamangu, cheti kinakuonyesha kwamba huyu mtoto alikaa darasani na akapita mtihani, na hilo si jambo dogo, nalipa heshima. Lakini mimi nikimpa funguo ya gari ya mtu nakuwa nimempa riziki ya mtu. Tuktuk ile inalisha watu sita Maweni, ile Probox inabeba samaki alfajiri, ile Land Cruiser kesho inapeleka wageni Tsavo kupitia geti la Sala na huko njiani hakuna fundi. Sasa swali langu kwa kijana ni moja tu, je, akikosea ataniambia kabla gari haijatoka? Hayo mengine yote nitamfundisha. Hilo moja nikilikosa kwake sina pa kuanzia.

Wiki ya kwanza mnaangalia nini haswa?

Vitu vidogo, tena vile ambavyo yeye hajui kama tunaviangalia. Akimaliza kutumia spana namba 12 anairudisha wapi? Akifungua bolti anaziweka kwa mpango kwenye bakuli ama anazitawanya chini kwa mchanga? Akiambiwa kitu asichokielewa anasema "ami sijaelewa, nirudilie" ama anaitikia tu "sawa sawa" halafu anaenda kuharibu? Hii "sawa sawa" ndio inatuumiza sana wallahi. Vijana wetu wa pwani wamelelewa na adabu, mtoto hataki kumuuliza mkubwa mara mbili anaona kama ni kumkosea heshima, na nyumbani ni tabia nzuri kabisa, lakini chini ya gari kunyamaza kunaleta hasara. Kwa hivyo mimi siku ya kwanza nawaambia wazi, hapa kuuliza ni heshima, niulize hata mara kumi.

Jambo lingine ni je anamaliza? Kuna kijana anafungua vitu haraka, unamsifu, kumbe kufunga hataki, anataka aende kwa gari nyingine mpya. Kazi ya gereji nusu yake ni kufunga vizuri na kusafisha.

Kuna leveli, kuna krafti, kuna gredi, tunachanganyikiwa. Kipi ni kipi?

Kwa kifupi. Zamani mitihani mingi ya ufundi ilikuwa ya KNEC, baraza la mitihani la taifa. Baada ya sheria ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya mwaka 2013 ukaja mtindo wa kupimwa kwa vitendo chini ya CDACC, baraza la mitaala na upimaji wa ufundi, hapo ndio unasikia leveli, ya 4 ni ya atizani, ya 5 ni krafti na ya 6 ni diploma. Halafu kuna NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hao wana gredi testi, unaanza gredi 3 unapanda 2 mpaka 1, na hii inamfaa sana yule kijana aliyejifunzia gereji bila kukaa chuo kwa sababu anapimwa kwa kazi anayoijua. Vile vituo vya ufundi vya vijijini tulivyozoea kuviita villeji politekniki siku hizi viko chini ya kaunti.

Mimi sibagui. Nimekuwa na wa diploma aliyekuwa hajui kushika jeki na nimekuwa na wa gredi 3 ambaye leo ndiye namwachia gereji nikisafiri. Na imetokea kinyume chake pia, kwa hivyo msidharau darasa.

Chuoni walisomea injini ya zamani iliyowekwa kwenye meza, gari za sasa ni kompyuta tupu. Si wamepotezewa muda?

Hapana. Hili nalikataa kila mara. Injini ya mezani inamfundisha mtu hewa inaingiaje, mafuta yanachanganyikaje, cheche inakuja saa ngapi, na hayo hayajabadilika. Kilichobadilika ni nani anaamua, zamani karbureta na distribyuta, sasa ni sensa na kompyuta.

Shida yangu iko upande mwingine. Kijana akishashika skena (mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari) anadhani skena ndio fundi. Anachomeka, inaandika P0301, anasema "badilisha plagi". Sasa P0301 inakwambia tu silinda namba moja inakosa kuwaka vizuri, haikwambii kwa nini. Inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa koili (inayoipa plagi umeme wa cheche), injekta ya mafuta imeziba, waya umeliwa na panya, au hata kompresheni imeshuka. Yule aliyesoma misingi anahamisha koili ya silinda ya kwanza kuipeleka ya pili, anafuta lile kosa kwenye skena, anawasha tena. Kosa likihamia P0302 basi koili ndio mbovu, na hajamtoa mwenye gari hata shilingi. Yule mwingine amemnunulisha mtu plagi nne na gari bado inatetemeka.

Hiyo nayo ni tabia, sio akili tu. Kubahatisha na pesa ya mwenzio ni kukosa uaminifu hata kama hukukusudia. Kijana ajizoeze kupima kwanza. Betri nzuri iliyojaa injini ikiwa imezimwa inasoma kama volti 12.6, ukiwasha, altaneta (inayochaji betri) ikifanya kazi, inapanda 13.8 mpaka 14.4 hivi. Mita ya kawaida inatosha kujua hayo, lakini nimeona watu wameuziwa betri mpya na tatizo lilikuwa beliti ya altaneta imelegea.

Atachimenti aliifanya miezi mitatu lakini anasema alikuwa anafagia na kutumwa chai tu. Tufanyeje?

Inatokea, na ni makosa ya sisi wenye gereji, wacha niseme ukweli. Mwingine anapokea mwanafunzi kwa sababu ni mikono ya bure. Hiyo ni dhulma, mtoto amelipiwa karo na mzazi ameuza mbuzi.

Lakini na kijana ana lake. Kufagia kila mtu anafagia, hata mimi. Wakati unafagia unaangalia. Anayefagia karibu na gari inayofunguliwa giaboksi amesoma, anayefagia huku anatazama simu amefagia tu. Nawashauri wote wawe na daftari ndogo mfukoni, kila jioni uandike gari gani iliingia, ililalamika nini, ilipatikana na nini, ikatengenezwaje. Miezi mitatu ya daftari hiyo, ukija kwangu kuomba kazi nionyeshe hiyo kabla ya cheti. Na ile logibuku ya chuo (kitabu cha kuandika kazi ulizofanya) ijazwe siku yenyewe, sio wiki ya mwisho unakaa unatunga.

Wenzetu Ujerumani, kijana anayesomea ufundi wa magari anakaa miaka 3 na nusu, wakati mwingi yuko gereji na siku nyingine darasani, na tangu mwanzo ana mkataba na gereji yake. Sisi tunampa mtoto miezi mitatu halafu tunashangaa hajaiva.

Tumesikia kuna kijana ulimwajiri kwa sababu ya bolti ya oili. Ni kweli?

Ni kweli, lakini ili muelewe kwa nini nilimwajiri lazima nianze na langu.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye gereji moja hapa. Siku hiyo nilikuwa nimebadilisha breki za mbele za matatu ya HiAce inayokwenda upande wa Garsen. Nikarudisha gurudumu, nikaanza kukaza nati kwa mkono, mara nikaitwa nikashike kitu kwa gari nyingine, niliporudi nikashusha jeki. Gari ikachukuliwa. Usiku niko kitandani nikajiuliza, zile nati nilizikaza na renchi ama nilizikaza kwa mkono tu? Sikukumbuka. Ningeweza kuamka, nyumbani kwa dereva napajua, hata si mbali. Nikajiambia aah lazima nilikaza, mkono umezoea. Nikalala.

Asubuhi dereva akasikia kitu kinagonga baada ya kupita Mambrui, akasimama. Nati mbili zishatoka, nyingine zimelegea. Ndani ana abiria na mama mmoja ana mtoto mchanga. Namshukuru Mungu mpaka leo. Aliporudi hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unajua?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kusahau nilisahau, lakini ile saa ya usiku nilikuwa nimeshajua nusu na nikanyamaza.

Ndio maana gereji yetu gurudumu halitoki bila watu wawili. Mmoja anakaza kwa msalaba, yaani nati moja halafu ile inayoielekea, sio kwa kuzunguka, na renchi ya kupimia nguvu (Toyota ndogo nyingi ni kama Nm 103), halafu mwingine anapitia na chaki anaweka alama kila nati. Hakuna alama, hakuna funguo.

Sasa huyo kijana, anatoka upande wa Marafa, alikuwa atachimenti. Saa nne usiku simu inalia. "Ami samahani, ile gari ya oili ya leo sina uhakika na bolti ya chini ya kutolea oili kama niliikaza." Sauti inatetemeka, alijua anaweza kufukuzwa. Nikampigia mwenye gari, nikamwomba asiiwashe, alfajiri tukaenda mimi na huyo kijana mpaka Watamu, akaingia chini na spana. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri kabisa.

Mwenye gari alicheka akatupa chai. Tukirudi kijana anaomba msamaha eti amenipotezea mafuta. Nikamwambia akimaliza chuo asitafute kazi kwingine.

Kuchelewa. Mnafukuza mtu kwa dakika kumi?

Simfukuzi. Najua matatu za kutoka Gongoni, najua mvua ikinyesha njia za ndani zinakuwaje. Ninachotaka ni simu kabla ya saa mbili, sio hadithi saa nne. Mwenye gari anafika saa mbili kamili akiwa ameahidiwa, na tukimwambia "fundi yuko njiani" na sisi wenyewe hatujui, tumeanza siku kwa uongo.

Ijumaa tunafunga kwa sala, Ramadhani saa za kazi zinabadilika na tunapanga kazi nzito ziwe asubuhi. Hayo yanajulikana, hakuna ugomvi.

Muguka na miraa je?

Mwaka 2024 kaunti yetu ya Kilifi ilijaribu kuupiga muguka marufuku, na kila mzazi wa hapa anajua ilikuwa ni kwa nini. Mimi nazungumza la gereji tu. Kijana aliyekesha anatafuna anakuja asubuhi mkono hautulii, hasira ziko karibu, na mchana anadondoka usingizi na yuko chini ya gari. Sitaki. Nikimwona namrudisha nyumbani siku hiyo na tunazungumza kesho yake, mara ya kwanza na ya pili. Nimewahi kuwaona waliobadilika kabisa wakipata kazi ya kuwashughulisha, kwa hivyo sikati tamaa na mtoto wa mtu haraka.

Usalama si walishafundishwa chuoni?

Walifundishwa, wakaandika kwenye mtihani, wakasahau kwenye lango la gereji kwa sababu wanawaona mafundi wakubwa hawafuati. Kijana anaingia chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake bila stendi, ukimuuliza anasema "ni dakika moja tu". Jeki ya haidroliki ikivuja sili haikungoji hiyo dakika.

Na gari zimebadilika. Siku hizi zimejaa haibridi (zinazotumia petroli na umeme) hapa mjini, Aqua na kadhalika. Zile nyaya nene za rangi ya machungwa zina umeme wa kuua, usiziguse kama hujafundishwa kuzitenga. Eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga dereva), kabla ya kufungua usukani toa waya wa betri ungoje, Toyota wanasema sekunde 90 angalau. Radieta ya moto haifunguliwi kifuniko, nimeona mkono wa mtu ulivyochubuka. Na mafuta ya breki yanavuta unyevu, hapa kwetu na hii hewa ya bahari msiyaache wazi kopo lote wiki nzima halafu mkamtilia mtu. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye digrii 205, yakishavuta maji yanaweza kuchemka kwenye 140 hivi, na breki inakuwa kama sponji.

Kijana anayekataa kuingia chini bila stendi hata kama fundi mkubwa anamharakisha, huyo yuko tayari kwa kazi. Akatae kwa adabu, "ami ngoja nilete stendi", hakuna atakayemgombeza hapa kwetu. Na uliza gereji kama ina bima ya wafanyakazi, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe nayo.

Wasichana mnawachukua?

Ndio. Wako wachache kozini lakini wanakuja. Wa kwanza kuja kwetu wateja walikuwa wanampita wanaenda kumuuliza mvulana aliyeanza kazi jana, ikanibidi mimi niwe nawarudisha, "gari yako anaishughulikia huyu dada, muulize yeye." Baada ya miezi michache akina mama wenye tuktuk wakawa wanamwulizia kwa jina. Wazazi msiogope, lakini njooni mwangalie gereji kwanza, kuna choo, kuna pahali pa kubadilisha nguo, watu wanaongea vipi. Mkiona lugha chafu ondokeni naye.

Mwanzo mnalipa ngapi?

Kidogo, sitadanganya. Anayeanza analipwa kwa siku na nauli, akishaweza kushika kazi peke yake anaingia kwa mgao wa kazi. Kinachoudhi vijana sio udogo, ni kutojua. Kwa hivyo ulizeni siku ya kwanza, nitalipwa nini, lini, na nikivunja kitu inakuwaje. Bosi anayekasirishwa na maswali hayo fikirieni mara mbili.

Na upande wa kijana, kuna ile tabia ya kuchukua "kitu kidogo" kwa mwenye gari pembeni, ama kununua spea ya elfu mbili ukasema elfu tatu. Duka la spea hapa Malindi wote tunajuana, risiti inasema yenyewe. Na spea ya zamani anarudishiwa mwenyewe kwenye mfuko, hata kama ni bushi iliyokwisha, aione kwa macho yake.

Kuzungumza na kastoma kuna umuhimu gani, si kazi ni mikono?

Kuna umuhimu mkubwa sana kwa sababu nusu ya dayagnosisi (kujua gari inaumwa nini) iko kwa mdomo wa dereva. "Inagonga" haitoshi. Inagonga ikiwa baridi ama moto? Ukikata kona ama njia iliyonyooka? Ukikanyaga breki ama ukiachia? Kijana anayeuliza maswali haya akanyamaza akasikiza anajua kama aanze kwenye bolijointi ama kwenye ekseli kabla hajafungua hata nati moja. Na mzee akija unaanza na shikamoo, umuulize hali, halafu gari. Mgeni Mtaliano naye ukijua maneno machache ya kwao umeshampata, wengi hapa mjini wanayajua kwa kusikia tu.

Usiseme gari itakuwa tayari jioni kama hujui. Nati za gari za huku kwenye machumvi ya Gongoni zinashikana na kutu, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima. Mwambie mapema.

Akimaliza chuo afungue gereji yake moja kwa moja?

Aende kwa mtu kwanza, mwaka mmoja au miwili. Sio kwa sababu hajui kutengeneza, ni kwa sababu hajawahi kurudishiwa gari. Gari ikirudi na ileile shida na mwenyewe amekasirika, unafanyaje, unalipa nani, unasema nini? Hilo ni bora alione kwa gereji ya mtu akiwa na mkubwa pembeni.

Nikija kuomba nafasi nije na nini?

Kitambulisho, cheti au barua ya chuo, PIN ya KRA (namba ya kodi), cheti cha tabia njema unakiomba kupitia iSitizeni (eCitizen, mtandao wa huduma za serikali), na kama una leseni ya kuendesha ni vizuri zaidi maana gari ikishatengenezwa lazima ijaribiwe barabarani. Sivii ukurasa mmoja unatosha, usiandike "ninajua kila aina ya gari". Andika gari ulizozigusa kweli na ulifanya nini. Njoo na ile daftari.

Usije Jumamosi asubuhi, siku hiyo tuna foleni ya tuktuk mpaka nje na hakuna atakayekaa na wewe. Njoo Jumanne ama Jumatano saa tisa, ukiwa na viatu vilivyofunika vidole. Nitakupa gurudumu moja ulitoe na ulirudishe, halafu nitakuuliza kama una uhakika umelikaza.